Kiatu cheusi cha kusimamia kutwa: namna ninavyokichagua

Kazi yangu ni kuhudumia ukumbini, kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam. Siku za kazi tunapokea semina. Saa 12 asubuhi tunapanga meza, saa 4 chai, saa 7 chakula cha mchana, saa 10 chai nyingine, na washiriki hawajamaliza kukusanya mabegi yao sisi tumeshaanza kuugeuza ukumbi kwa ajili ya sendofu ya usiku. Jumamosi naingia saa 6 mchana, natoka saa 8 usiku. Kukaa ni zile dakika 20 za kula. Sare ni shati jeupe, suruali nyeusi na kiatu cheusi kilichopigwa dawa kikang'aa. Raba haziruhusiwi. Sakafu ni marumaru juu ya zege, kuanzia mlango wa jiko mpaka jukwaa la maharusi.

Nimesimama kwenye sakafu hiyo miaka 14. Wanapokuja vijana wapya nawatazama miguuni kabla ya usoni, na karibu wote wanakuja na kiatu kilekile: kipya, chembamba, kimechongoka mbele, kinameremeta kama kimelowa. Wiki ya tatu wanachechemea. Wiki ya tano wanakunywa dawa za maumivu pamoja na chai ya asubuhi. Inaniuma, kwa sababu maumivu yale yalinunuliwa dukani, na pesa ileile ingetosha kununua kiatu kingine. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaeleza. Yanamfaa pia mwalimu, karani wa dirishani, mshereheshaji, na yeyote ambaye kazi inamtaka apendeze huku amesimama.

Kigeuze kwanza

Watu wengi wakikishika kiatu wanatazama sura yake. Mimi nakigeuza, natazama soli. Hilo nililijua kwa gharama.

Mwaka wangu wa nne kazini nilipata kiatu cha mtumba pale soko la Karume. Ngozi safi ya Ulaya, soli nene, nyepesi, laini ukiibonyeza. Hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Mwenyewe huko kilikotoka alikivaa labda mara mbili akakiweka kabatini. Nikalipa 40,000 bila kubishana. Siku ya kwanza kukivaa ilikuwa harusi ya watu 400. Ilipofika saa 3 usiku nikaona vipande vyeusi sakafuni, kama makombo ya keki iliyoungua, vimenifuata kutoka jikoni mpaka meza kuu. Kisigino cha kulia kilikuwa kinameguka. Saa 4 hakikuwepo tena. Niliteleza mlangoni na trei ya supu. Bakuli sita zikavunjika, na namshukuru Mungu hakuna aliyeungua.

Kesho yake nikakipeleka kwa fundi wangu wa Buguruni, mzee ambaye ameshona viatu tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamsimulia. Akaibonyeza soli kwa dole gumba, kipande kikabaki mkononi mwake.

“Mwanangu, hiki hakijavaliwa,” akasema.

“Ndiyo mzee, kilikuwa kama kipya.”

“Basi hiyo ndiyo shida yake. Kimekaa.”

Soli ile ilikuwa ya poliurethani, ambayo kwenye viatu huandikwa PU kwa kifupi. Ni povu gumu linalomiminwa kwenye kalibu. Ni jepesi na linapokea uzito vizuri, ndiyo maana viwanda vinalipenda. Lakini unyevu wa hewani huliingia taratibu na kuvunja minyororo yake ya ndani, na joto huharakisha uvunjaji huo. Halihitaji kutembelewa ili lioze. Linaoza likiwa ndani ya boksi. Kiatu kinaweza kulala kabatini Ulaya miaka sita, kikaingia kwenye belo la mitumba, kikasafiri baharini ndani ya kontena, kikafika Dar kwenye joto na unyevu wa pwani, halafu wewe ukakivaa siku ileile ambayo povu limefika mwisho wake. Kwa nje unaona kiatu kipya.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujauliza bei. Bonyeza ukucha kwenye ubavu wa soli, karibu na kisigino. Soli nzima inabonyea kisha inarudi. Ikibaki na shimo, ikinata kwenye kidole, au ikitoa unga, iache. Kisha kikunje kiatu pale vidole vinapokunjika na utazame ubavuni: nyufa nyembamba kama za tope lililokauka ni mwanzo wa kumeguka. Usidanganyike ukiona chini kuna mpira mgumu, kwa sababu viatu vingi vina mpira chini na povu katikati, na linalokufa ni lile la katikati. Chunguza pia ndani ya ulimi wa kiatu au kwenye ubavu wa ndani. Baadhi ya viwanda huchapa hapo mwezi na mwaka. Kanuni yangu mwenyewe ni kwamba soli ya povu yenye zaidi ya miaka mitano tangu itengenezwe sinunui, hata iwe nzuri namna gani.

Soli ninayoitafuta ni ya mpira. Ni nzito kidogo, lakini inadumu, inashika sakafu, na ikiisha fundi anaibandua na kuweka nyingine. Ile nyepesi sana inayofanana na ya ndala, iitwayo EVA, haimeguki kama poliurethani, ila inalala. Mimi nina kilo 84. Miezi minne inatosha kuifanya iwe bapa chini ya kisigino, na tangu hapo ni kama unasimama kwenye zege lenyewe. Soli ya ngozi ni nzuri kwa mtu wa ofisini mwenye zulia. Kwangu mimi, tone moja la mchuzi kwenye marumaru linatosha kuniangusha. Ukipenda kiatu chenye soli ya ngozi na bei ni nafuu, fundi anaweza kukubandikia juu yake mpira mwembamba wa milimita mbili, na kiatu kinabaki na umbo lake.

Kuna alama moja ambayo wauzaji wengi hawaijui, na kwa kuwa hawaijui hawaongezi bei. Viatu vya kazi vya Ulaya, vya wahudumu na wapishi, vinapimwa utelezi na kupigwa mhuri. Ukiona SRC chini ya kiatu au kwenye ulimi, maana yake kilipimwa kwenye kigae chenye maji ya sabuni na pia kwenye chuma chenye glisarini. Viatu vya karibuni huandikwa SR. Vingi vina sura nzito ya kiwandani, lakini vingine ni vyeusi, vya kamba, laini mbele, na ukivipiga dawa hakuna meneja atakayevitofautisha na vya harusi.

Mguu wako ni namba gani kweli

Nilivaa namba 41 miaka mingi kwa sababu ndiyo niliyoanza nayo nikiwa kidato cha tatu. Namba yangu ni 42. Nilijua siku nilipojipima, na sugu mbili za kidole kidogo zilinyauka ndani ya miezi michache.

Jipime jioni, baada ya kazi. Mguu uliosimama kutwa huvimba, na kiatu ni lazima kiuchukue mguu wa saa 2 usiku, si ule wa asubuhi. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama kisigino kikiwa kwenye ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu. Si lazima kiwe kidole gumba. Wengine cha pili ndicho kirefu. Pima miguu yote miwili uchukue mrefu. Kwangu ni sentimita 26.5. Ukiongeza 1.5 kwa ajili ya nafasi unapata 28, ukizidisha kwa 1.5 unapata 42. Ndiyo namba ya Ulaya, ambayo hatua yake moja ni milimita 6.7 hivi. Namba za Uingereza zina hatua kubwa zaidi, kama milimita 8 na nusu, ndiyo maana kutoka 8 kwenda 9 ya Kiingereza ni kuruka pakubwa, na ndiyo maana zipo nusu namba. Namba 42 ya Ulaya inakaribiana na 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani ya kiume.

Baada ya urefu kuna upana, na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua. Sisi tuliokua tukitembea peku na ndala tuna nyayo zilizotawanyika vizuri mbele, na viatu vingi vya suti vimekatwa kwa miguu myembamba. Mtu akibanwa pembeni anadhani kiatu ni kifupi, anaongeza namba, kisha kisigino kinaogelea na kumchubua. Tafuta herufi karibu na namba. Kwenye viatu vya kiume vya Uingereza F au G ndiyo kawaida, H ni mpana. Vya Marekani D ni kawaida, E na EE ni vipana. Mtumba una faida hapo, kwa sababu maduka yetu ya viatu vipya ni nadra kuweka upana tofauti wa namba moja.

Chora pia umbo la unyayo wako kwenye karatasi, likate, utembee nalo mfukoni. Ukiliweka chini ya soli na karatasi ikatokeza pembeni kwa zaidi ya upana wa penseli, kiatu kirudishe. Namna hii imeniokoa mara nyingi mbele ya kiatu kizuri kilichonivuta macho.

Ukiwa sokoni

Mimi naenda Karume saa 10 jioni, mguu umeshachoka na jua bado lipo. Usiku chini ya taa huwezi kuona rangi iliyopakwa juu ya mpasuko. Nenda na soksi za kazini, na kama unatumia insoli yako, ile ya kutandika ndani ya kiatu, nenda nayo.

Winga, yule dalali wa sokoni, atakufuata. Mwambie kwa heshima unachotaka, namba na aina, kisha achague yeye akuletee. Wao wanajua nani kafungua belo asubuhi. Lakini usikubali kuvaa umekaa. Vaa vyote viwili, funga kamba, simama kwenye zege lisilo na boksi, usimame hapo dakika kumi mkizungumza bei. Dakika kumi zile ndizo zinazosema. Kinachobana dukani hakiachi kubana kazini. Ngozi hupanuka kidogo pembeni, haiongezeki urefu hata chembe. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba la mkono. Vidole viweze kucheza juu na chini. Kisigino kikipanda kidogo unapotembea si neno kwa kiatu kipya cha ngozi, kikipanda sana hakikufai.

Nafasi ya mbele haipatikani kwenye kiatu kilichochongoka isipokuwa kiwe kirefu mno. Chagua mviringo. Ukitaka kitanashati, chagua mviringo mrefu kidogo. Na chagua cha kamba. Kile cha kutumbukiza mguu hakina pa kulegezea mguu ukivimba, wala pa kukazia ngozi ikilegea. Hata kati ya vya kamba kuna tofauti. Kuna kile ambacho sehemu ya matundu imeshonewa chini ya ngozi ya mbele, ikifungwa inakutana kama mlango. Hicho ni rasmi zaidi lakini hakifunguki sana. Na kuna kile chenye masikio mawili yaliyoshonewa juu, yanayofunguka kama kitabu. Mwenye mguu wa juu mnene, na mwenye zamu ndefu, achukue cha masikio. Saa 3 usiku nainama nyuma ya pazia, nalegeza kamba robo, na damu inarudi vidoleni.

Kabla hujalipa, kishike kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia tu. Kikikunjika katikati kama gazeti, ndani hakuna kile kibao au chuma chembamba kinachobeba unyayo, na jioni utaumwa chini ya mguu. Kisha kikamue kama unavyokamua nguo, kigome. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa vidole viwili, pawe pagumu. Kisigino chenyewe kiwe kipana, urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Kiatu bapa kabisa hakinifai kwa kutwa nzima, huvuta mshipa wa nyuma ya kisigino.

Ngozi na mshono

Muuzaji atawasha kiberiti cha gesi, apitishe moto juu ya kiatu, akuambie “ngozi hii, bosi”. Moto wa sekunde moja hauthibitishi kitu. Tazama ukingo uliokatwa, kwa mfano chini ya ulimi au ndani ya tundu la kamba: ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana, ya bandia ina kitambaa chenye plastiki juu. Kunja kidogo, ngozi hutoa mikunjo mingi midogo isiyolingana, ya bandia hutoa mstari mmoja mkavu. Na kama kiatu kilitengenezwa kwa soko la Ulaya, kuna stika au mhuri wenye picha. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Umbo hilohilo likiwa na almasi ndani, yaani mraba uliosimama kwenye pembe, ni ngozi iliyopakwa tabaka la plastiki. Almasi peke yake ni kitu kingine kisicho ngozi wala kitambaa. Kila picha inaelekeza sehemu yake: ya juu, ya ndani, na soli. Mimi nataka umbo la ngozi kwa ya juu na kwa ya ndani pia. Ngozi ya ndani inanyonya jasho. Bandia inalihifadhi, na mguu unalala ndani ya maji kwa muda wa saa 12.

Mshono ndio unaoamua kama kiatu kitaishi miaka miwili au kumi. Vingi vimegundishwa tu. Kiatu cha gundi si kibaya, ila joto la Dar huilainisha gundi na soli hufunguka mdomo mbele. Nikinunua cha gundi nakipeleka moja kwa moja kwa fundi akishone pembeni kwa msharasi na uzi wa nta kabla sijakivaa. Kwangu gharama ni 5,000, na anapaka dawa nyeusi juu ya uzi.

Kilicho bora ni kile chenye ukanda wa ngozi unaozunguka pembeni. Ngozi ya juu inashonwa kwenye ukanda, kisha soli inashonwa kwenye ukanda huohuo kwa mshono wa pili. Katikati hubaki uwazi unaojazwa gamba la mti liitwalo koki, ambalo baada ya wiki kadhaa hulala kwa umbo la unyayo wako. Mashine ya kushona hivyo ilitoka Marekani karne ya 19, ikapewa jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule wa mpira. Faida yake kwetu ni moja: soli ikiisha, fundi anakata mshono wa nje tu, hagusi ngozi ya juu. Soli inaweza kubadilishwa mara kadhaa. Viatu vingi vya namna hiyo kwenye mtumba vimetoka Uingereza, hasa Northampton na vijiji vyake. Lakini kuna ukanda wa uongo, plastiki iliyochapwa alama za uzi. Chungulia kwa karibu: uzi wa kweli unaingia kwenye tundu na kutokea upande wa chini, na ukiugusa kwa ncha ya sindano unasogea.

Ninachokivaa mara nyingi zaidi ni Dr. Martens cha matundu matatu, kinachoitwa 1461. Soli yake yenye vyumba vya hewa ilianzia kwa daktari wa jeshi wa Ujerumani, Klaus Märtens, aliyeumia kifundo cha mguu mwaka 1945 akatafuta kiatu kisichomtesa. Waingereza wakatoa buti la kwanza lenye soli hiyo tarehe 1 Aprili 1960, na kabla vijana wa muziki hawajavichukua, viatu vya soli hiyo vilivaliwa na wasambaza barua na watu wa viwandani, watu wa kusimama kama sisi. Wiki tatu za mwanzo ni kigumu, kitakuchubua. Kivae nyumbani na soksi mbili. Uzi wa njano wa pembeni haukubaliki kwenye sare yetu, kwa hiyo niliupaka dawa nyeusi kwa mswaki wa zamani mpaka ukazama.

Anayependa kipya cha hapa nyumbani atazame viatu vya kiwanda cha Karanga, Moshi. Nina jozi yao moja, ngozi ya kweli. Nilibadilisha insoli tu.

Wenzangu wa kike wana mzigo mkubwa zaidi, maana sehemu nyingi bado wanadaiwa kisigino. Dada niliyefanya naye kazi miaka tisa alikuwa na masharti yake: kisigino kipana cha mche wa mraba, kisichozidi urefu wa vidole vitatu, na mkanda juu ya mguu. Alieleza kwamba kiatu kilicho wazi juu hushikiliwa na vidole. Vidole vinakunjwa kutwa ili kisivuke, na maumivu ya usiku yanatoka hapo. Kisigino chembamba alikibeba kwenye mfuko kwa ajili ya picha.

Jozi mbili, na namna ya kuzitunza

Kama una 80,000, usinunue kiatu kimoja cha 80,000. Nunua viwili vya 40,000 vilivyopita majaribio yote ya juu, ubadilishane siku. Ngozi iliyonyonya jasho la saa 14 haikauki usiku mmoja, hasa masika, na ngozi inayovaliwa mbichi kila siku hukatika mkunjoni. Ukirudi, toa insoli, jaza gazeti ndani, weka penye upepo. Usianike juani wala karibu na jiko. Ngozi inakuwa kama ganda la muhogo.

Dawa napaka kila baada ya siku tatu za kuvaa, kidogo, kwa kitambaa, na brashi inafanya kazi iliyobaki. Dawa ya maji ya kupaka na sifongo inang'arisha haraka lakini inaacha ngozi ikiwa kavu. Naiacha kwa siku ya dharura. Soksi ni za pamba au zenye pamba nyingi. Zile nyembamba za nailoni zinazouzwa sita kwa bei ya moja ndizo zinazozaa malengelenge.

Hata kiatu bora hakifuti saa 14 za kusimama. Kinachosukuma damu kutoka miguuni kurudi juu ni msuli wa shavu la mguu, na msuli huo hufanya kazi ukitembea, si ukisimama kama mlingoti. Nikiwa nimesimama pembeni wakati wa hotuba nainua visigino mara kumi, nahamisha uzito, naweka mguu mmoja juu ya ngazi ya jukwaa. Na hili nalisema kwa uzito: mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kupata moto, usibadilishe kiatu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye sukari akague nyayo zake kila usiku, kwa sababu lengelenge asilolisikia linaweza kuwa kidonda kikubwa, na kiatu chake akimwonyeshe daktari kabla ya kuanza kazi ya kusimama.

Kwa fundi nenda mapema. Soli ikilika upande mmoja wa kisigino kwa unene wa sarafu, peleka. Kipande cha mpira ni 3,000. Ukingoja, unaanza kutembea umeinama, na goti linafuata. Soli nzima mimi nimelipa kati ya 15,000 na 25,000, kutegemea mpira. Kisichotengenezeka ni ngozi ya juu ikishapasuka pale inapokunjika. Fundi anaweza kubandika kiraka kwa ndani, kikashika mwezi, lakini mpasuko unarudi.

Kiatu changu kikuu nilikinunua 2017, sasa kiko kwenye soli ya tatu. Mwezi uliopita mzee wa Buguruni alipitisha kidole kwenye mkunjo wa mguu wa kulia, akarudia, akaniambia nianze kutafuta kingine taratibu, kabla sijalazimika kununua kwa haraka. Jumapili saa 10 jioni nitakuwa Karume, na karatasi yangu mfukoni.